Mtani wa Nani?

Siku Semeni alipochukuliwa tulikuwa watu zaidi ya mia uwanjani kwa marehemu, na sote tulikuwa tunacheka. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nalisema hili mapema, usije ukafika mbele ukadhani unasimuliwa na shujaa.

Naitwa Biasha. Hapa Ruaruke ukimtaka Biasha sema tu yule mwenye mdomo, utaletwa mpaka mlangoni. Mdomo huo huo ndio uliowafanya wanichague kwenye kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto. Walisema mwekeni Biasha, huyo haogopi mtu. Nikaenda semina Kibiti siku tatu, nikafundishwa usafirishaji haramu wa binadamu ni kitu gani na dalili zake zikoje. Mgeni anayeahidi kazi. Ndugu mwenye haraka. Mtoto aliyenyamaza ghafla. Nilizihifadhi kama Alhamdu.

Na kazi niliifanya, wallahi. Muulize Ismaily.

Ismaily ni mtoto wa Mzee Mshamu, huyo marehemu. Semeni ni mpwa wake. Mama yake Semeni, dada yake Ismaily, alifariki akimzaa, na baba hatukuonyeshwa, basi mzee ndiye aliyemlea mjukuu wake mpaka kafika darasa la sita. Miaka kumi na mitatu, mwembamba, haongei mpaka umsemeshe mara mbili. Mzee Mshamu alipozikwa, haikupita hata wiki nikamkuta Ismaily kijiweni kwa bodaboda, kampakia Semeni na kifurushi cha nguo.

"Wapi huko?" nikamuuliza.

"Kazini, shangazi. Kuna watu wana dago kule kwenye mikoko, wanataka mtoto wa kuwapikia."

Shangazi nilikuwa kwa sababu mimi na Mzee Mshamu tulitoka ukoo mmoja. Na dago nalijua: kambi ya wavuvi, vibanda vya makuti juu ya tope, wanaume ishirini, thelathini, hakuna zahanati, hakuna mtendaji, na maji yakijaa hutoki mpaka akutoe mwenye boti. Mtoto wa kike anayepelekwa kupika huko hapiki tu. Nilimshusha Semeni kwenye ile pikipiki kwa mikono yangu hii. Nilimtukana Ismaily matusi ambayo sitayarudia mbele za watu. Kamati ikakaa, mwenyekiti wa kijiji akatoa amri: hakuna bodaboda kumpitisha mtoto pale kwenye geti la ushuru wa mazao bila barua yake. Vijana wa bodaboda wenyewe wakakubali, wakawa ndio walinzi.

"Unanizibia riziki, shangazi," Ismaily aliniambia siku ile. Hakupandisha sauti. Nilimjibu akatafute riziki yake kwa jasho lake, nikaenda zangu kifua mbele.

Basi ikafika arobaini.

Watani walikuwa wengi. Anayetoka mbali pengine haelewi, acha nimweleze. Kwetu, msiba hauwi msiba bila watani. Mtani ana ruhusa yake. Ataficha mwiko wapishi washindwe kugeuza wali, ataiba kiatu cha shehe, ataingia kwenye jeneza aseme na yeye kachoka, abebwe. Ukitaka chako unakikomboa kwa kuku, kwa soda, kwa chochote anachotaka. Na mtani hanuniwi. Ukimkasirikia mtani msibani umeutia aibu ukoo mzima, na wazee wanasema unajiitia mkosi.

Yule bwana alitokea asubuhi, uso kaupaka unga mweupe pe mpaka kwenye kope, kichwani kavaa kawa la chakula. Akasema anaitwa Mudrick, mtani wa marehemu, katokea Matumbi, kule vilimani. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Nani anamdai mtani kitambulisho?

Na alijua kuchekesha, Mungu ananiona. Aliingia ndani akatoka kavaa kanzu ya Mzee Mshamu, akakaa kwenye kiti cha mzee, akakohoa kikohozi chake kile kile cha kukwaruza, akaanza kutuita mmoja mmoja. "Biasha! Kile chungu changu ulichoazima mwaka juzi, ulikirudisha?" Watu wakaanguka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, nikatoa simu nikawa nampiga video. Chungu kweli nilikiazima. Wala sikujiuliza mtu wa Matumbi kajuaje habari ya chungu changu.

Baada ya kisomo, sahani zinaanza kupangwa, akainuka akamkamata Semeni mkono. "Huyu mke wangu! Mzee aliniahidi! Namchukua, na mkimtaka mtamkomboa kwa jogoo mweusi asiye na doa!" Vigelegele. Pikipiki ilikuwa pale pembeni inanguruma, kijana juu yake kajifunga kitambaa usoni, tukadhani na yeye yumo kwenye mchezo. Semeni akapakiwa katikati. Akanigeukia mimi. Katika watu wote wale akanigeukia mimi, akanitazama.

Na mimi, mwanakamati mwenye cheti, nikapaza sauti: "Nenda na mumeo, usituaibishe!"

Kule getini vijana wa bodaboda waliinua ule mti wa kizuizi huku wakipiga honi na kushangilia. Barua ya mwenyekiti nani aikumbuke? Mwenyewe mwenyekiti alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

Tukala. Pilau ilikuwa nzuri, nasikia aibu kusema lakini ilikuwa nzuri. Tulijua atazunguka kule kwenye mikorosho arudi kudai jogoo wake. Saa nane hajarudi. Adhuhuri imekwisha, wazee wamelala kwenye mikeka, wanawake tunasugua masufuria, hajarudi. Mkono wangu ukawa mzito kwenye sufuria. 

Nikamwendea mwenyekiti. "Yule mtani hajamrudisha mtoto."

"Biasha, acha. Anataka tuhangaike. Ndio utani wenyewe."

"Saa mbili nzima zimepita sasa."

"Unataka nipeleke polisi utani wa msibani? Tutachekwa mpaka Mahege!"

Nilinyamaza. Hapo ndipo ninapojilaumu mara ya pili. Nilinyamaza kwa sababu hata mimi niliogopa kuchekwa. Niliogopa kuitwa mwanamke aliyemnunia mtani, aliyesoma semina akapandwa na wazimu wa kuona wezi wa watoto kila kichaka. Nikarudi kwenye masufuria nikapoteza nusu saa nyingine, naisikiliza kila pikipiki inayopita barabarani. Hakuna iliyokata kona kuja kwetu.

Mwishowe nikamfuata Bi Tabu. Huyu ni mtani wetu wa kweli, mtani wa miaka yote, ndiye aliyefunga mlango wa chumba cha marehemu siku ya mazishi akadai soda mbili. Alikuwa amekaa chini ya paa la jiko anatafuna ukoko.

"Tabu, yule mwenzenu Mudrick ni wa ukoo gani?"

Akaacha kutafuna. "Mwenzetu? Mimi simjui. Nilidhani wa kwenu. Nilimwona anaingia ndani kwa marehemu kama kwake, nikasema huyu mtu wa nyumbani."

Tukatazamana. Sisi tulidhani anajulikana na watani, watani wakadhani anajulikana na sisi. Nikajishika kwenye nguzo ya jiko. Hakuna mtu hata mmoja pale uwanjani aliyemjua. Na uso wake hakuna aliyeuona.

Nilimpigia simu Nasra. Nasra ni afisa ustawi wa jamii Kibiti, binti mdogo tu, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, ndiye aliyetufundisha kwenye ile semina. Nilitarajia anigombeze. Hakunigombeza. Akauliza maswali mafupi: kavaa nini mtoto, pikipiki rangi gani, wameelekea wapi, nani aliyekuwa karibu. Kila swali nililoshindwa kulijibu lilinizidishia hofu.

"Nakuja," akasema. "Polisi wa dawati la jinsia nawaambia sasa hivi. Bibi, usimwambie mtu yeyote wa familia mpaka nifike. Yeyote."

Alifika na pikipiki ya ofisi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikampa simu yangu aitazame ile video. Tulijificha nyuma ya choo, mimi na yeye, kama wezi. Nikaisikia tena sauti yangu mwenyewe inacheka, inapasua, inafunika sauti za watu wote. Nikasikia na yale maneno: nenda na mumeo, usituaibishe.  Nasra akairudisha nyuma, akaisimamisha, akaikuza kwa vidole.

"Bibi, hiki nini hapa nyuma ya pikipiki?"

Nikasogeza macho. Begi. Begi la shule la Semeni, la bluu, limefungwa kwa mpira kwenye keria, limejaa mpaka zipu haifungi. Pikipiki bado imesimama, mtani bado yuko kwenye kiti anakohoa, na begi tayari limeshafungwa.

"Utani haumfungashii mtoto nguo," Nasra akasema.

Pembeni ya picha, kando kabisa, alikuwa amesimama Ismaily. Watu wote wanacheka, yeye anatazama saa.

Ebo! Nilitaka kumrukia. Nasra alinishika mkono. "Ukipiga kelele atakimbia, na yeye ndiye anayejua boti iko wapi." Akamwita Ismaily pembeni kwa adabu, akamkalisha, akazungumza naye kwa sauti ya chini, mimi nimesimama nauma mtandio wangu. Nilidhani atakana. Hakukana sana. Alianza kulia kabla hajaulizwa mara tatu, na kulia kwake kulinitisha kuliko kama angekana.

"Shangazi alinifungia njia," akasema, ananionyesha kidole. "Kila bodaboda anakataa. Yule bwana akasema, basi tutapita mbele ya macho yao wote. Kasema atanipa na mimi nafasi dagoni msimu wa kuvua kamba. Semeni anaenda kupika tu. Anaenda kupata maisha."

"Wanapandia wapi?"

"Kwenye diko la kuvukia upande wa Mbuchi. Boti ya Mzee Abdulrazaq. Wanasubiri maji yajae."

Nasra akatazama angani, akatazama saa. Maji yalikuwa yameshaanza kujaa. Polisi gari lao lilikuwa limekwenda upande mwingine wa wilaya. Wakasema wanageuza, tutangulie, tusifanye jambo la hatari. Tusifanye jambo la hatari! Mtoto akishaingia kule kwenye mito ya mikoko, mito mia, kila mmoja unafanana na mwenzake, utamtafutia wapi? Ismaily tukamwacha chini ya ulinzi wa mwenyekiti, nikapanda nyuma ya Nasra nikiwa na ndala na nguo ya msiba. Njia nzima nilisoma Ayatul Kursiyyu na kila nikifika katikati naisahau, naanza upya.

Diko lile ni kibao tu cha mti kwenye tope na vibanda viwili vya chai. Boti ilikuwa imelalia ubavu kwenye tope, kubwa, ya mbao, injini imenyanyuliwa. Maji yameifikia mkiani. Wanaume sita saba wanapakia barafu, magunia ya chumvi, madumu. Katikati ya boti kuna turubai limetandwa kwa ajili ya kivuli, na chini ya turubai nikaona miguu. Miguu ya watoto, jozi tatu. Moja ina viatu vyeusi vya shule.

"Ni yeye," nikamnong'oneza Nasra.

"Umeshamwona yule bwana?"

Nikawatazama wale wanaume mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Wote nyuso safi. Yeyote kati yao angeweza kuwa yeye. Nilikuwa nimemtazama yule mtu saa nne nzima, nimecheka naye, nimempa maji ya kunawa, na nisingeweza kumwonyesha kidole.

Nasra hakungoja. Akavua viatu, akakunja gauni, akaingia kwenye tope mpaka magotini, akapanda botini akakaa chini ya turubai na wale watoto. "Mimi afisa ustawi wa jamii," akasema kwa sauti, na sauti ilikuwa inamtetemeka, nilisikia. "Watoto hawa hawaondoki. Mkiondoka nao mnaondoka na mimi."

Wapakiaji wakasimama na magunia yao mabegani. Mzee Abdulrazaq, nahodha, mwenye ndevu nyeupe, akauliza kuna nini. Mimi nilibaki nchi kavu. Niseme ukweli: miguu ilikataa. Maji yalikuwa yanapanda mbele ya macho yangu, yanaingia chini ya boti taratibu, na nilijua yakiinyanyua tu, watu wanne wanaisukuma na Nasra wangu ndani.

Mtu akaja akasimama nyuma yangu. Karibu sana, nikasikia pumzi yake.

"Biasha," akasema polepole, kwa kikohozi cha Mzee Mshamu. "Kile chungu ulikirudisha?"

Nikageuka. Kijana mzuri, jezi ya mpira, meno meupe. Ningempita sokoni nikamwamkia. Alikuwa anatabasamu.

"Nyumba ya tatu kutoka madrasa," akaendelea, sauti ile ile ya utani. "Mlango wa nyuma hauna komeo, unawekea kinu. Unalala peke yako tangu mumeo afe. Mwite huyo binti ashuke, mwende zenu nyumbani."

Astaghfirullahi.  Mimi Biasha wa mdomo, sikupata neno.  Nilitaka kumtii. Sema utakavyo, nilitaka kumwita Nasra, nimwambie twende, polisi watafuata wenyewe. Midomo ilishafunguka kumwita.

Boti ikatikisika. Maji yalikuwa yameinyanyua mkia. Mmoja wa watoto akalia, na sikujua ni Semeni au ni mwingine, lakini kilio kile kilinitoboa.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilimkamata yule bwana jezi yake kwa mikono miwili nikapiga yowe, yowe la msiba, lile tunalopiga maiti ikitolewa ndani.

"Jamani! Huyu kavaa kanzu ya maiti! Kaingia kwenye arobaini ya Mzee Mshamu wa Ruaruke kajiita mtani, kaiba mtoto mbele ya kisomo! Jamani, kaiba mtoto kwa utani!"

Magunia yakashuka. Watu wale wangeweza kunisikia nikisema mwizi, nikisema mhalifu, nikitaja sheria namba gani sijui, wasijali. Kila siku mtu anamwita mwenzake mwizi. Lakini kuiba kwa utani, msibani, hilo hakuna aliyewahi kulisikia. Nikaona nyuso zao zinabadilika.

Mzee Abdulrazaq akashuka botini, akaja ndani ya maji. "Wewe ni mtani wa nani?" akamuuliza.

"Mzee, huyu bibi kachanganyikiwa na msiba. Maji yanajaa, twende."

"Nakuuliza mtani wa nani. Alisema katokea wapi, bibi?"

"Matumbi, vilimani."

"Bibi yangu mzaa mama katoka huko. Haya, sema ukoo wako. Sema watani wenu ni kina nani."

Yule bwana akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akafungua mdomo, akaufunga. Swali lile lilikuwa jepesi, mtoto wa kwetu wa miaka saba angelijibu, na lingetuchukua dakika moja kuliuliza asubuhi ile kabla ya chai.

Abdulrazaq akarudi kwenye injini, akachomoa mpira wa mafuta, akautia mfukoni. "Boti hii haiendi," akasema. Kisha akamtazama Nasra na wale watoto chini ya turubai, na uso ukamwanguka. "Wallahi mimi niliambiwa wapishi. Kila mara naambiwa wapishi. Nimeshawavusha wengine." Hakusema wangapi. Mimi sikuthubutu kumuuliza.

Katika kumgeukia mzee tukamwachia yule bwana nafasi. Aliubandua mkono wangu, akanivunja kidole hiki, akaingia kwenye mikoko akikanyaga mizizi kama mtu anayeijua njia. Vijana wawili walimfuata, wakarudi wametapakaa tope. Polisi walifika jua linazama, boti imeshaelea, imefungwa kamba, Nasra bado yumo ndani kawakumbatia wale watatu. Ismaily walimchukua siku ile ile. Yule bwana hajakamatwa mpaka leo. Kinu nimekiondoa, nimeweka komeo mbili, na bado usingizi siupati mpaka adhana ya alfajiri.

Lakini nilichotaka kukueleza si hicho.

Usiku ule ule tulikwenda Kibiti, ofisini kwa Nasra. Wale wasichana wawili walitoka mbali, wakapelekwa kulala mahali salama mpaka ndugu zao watafutwe. Akabaki Semeni. Nasra alimpa chai na maandazi, akamwacha ale kwanza. Kidole changu kimefungwa kijiti, kinapwita, na mimi moyoni nina furaha, ndiyo, sikufichi, nilikuwa na furaha. Nilijiona nimeuosha mkosi. Nimelia, nimevunjwa kidole, nimemrudisha mtoto.

Kuna kitu kinaitwa mtu wa kuaminika. Ni mtu wa kijijini aliyeandikwa na ustawi wa jamii, mtoto akiokolewa anakaa kwake mpaka mambo yatengemae. Ruaruke nzima tupo wawili, na mmoja ni mimi. Nilishaanza kupanga: atalala chumba cha mbele, kesho nimsuke, shule nimpeleke mwenyewe.

"Semeni," Nasra akasema, "leo utalala kwa Bibi Biasha. Unamfahamu. Sawa, mama?"

Mtoto akaweka kikombe chini. Tangu dikoni hakuwa amesema neno.

"Kwa huyo sitaki."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kuona haya. "Semeni, mimi bibi yako. Mimi ndiye niliyekuja kukuchukua."

Akasogea kwa Nasra, akashika nguo yake. Hakunitazama. Alizungumza na Nasra, polepole, na alisema mengi kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Mjomba aliniambia usiku, kesho unaondoka. Akasema nikipiga kelele watu watanicheka. Mimi nikasema haiwezekani, bibi atakuwepo, bibi alinishusha kwenye pikipiki siku ile. Nikamtazama bibi. Akacheka. Akasema nenda. Basi nikajua na yeye wamemwambia."

"Hapana," nikasema. "Hapana, mwanangu, ule ulikuwa utani."

"Na yule mtu alisema ni utani," Semeni akajibu.

Nasra alikuwa na fomu mbele yake. Ina mahali pa kuandika majina ya waliohusika kumtoa mtoto nyumbani. Alishaandika Ismaily Mshamu. Chini yake alishaandika anayejiita Mudrick. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu, na kalamu yake imesimama juu yake. Akaninyanyulia macho. Hakuniuliza, binti wa watu, lakini macho yake yalikuwa yananiomba nimsaidie.

Nilikuwa na ya kusema. Ningeweza kumweleza mtoto habari ya watani, na chungu, na jinsi mtani asivyonuniwa. Nilimtazama vidole vyake vilivyoshika ile nguo, vyeupe kwa kukaza.

"Andika, mwanangu," nikamwambia Nasra. "Biasha binti Zaidi, wa Ruaruke."

Nasra akaandika. Semeni aliitazama ile kalamu mpaka ilipomaliza jina langu, ndipo akachukua andazi la pili.